Asubuhi Bila Zumari Lako

Baba,

Amani ikufikie hapo ulipo, wewe na majirani zako wote. Najua upande wa kulia unaye Mzee Shaame, na natumai mmeshapatana, maana mlipokuwa juu ya ardhi haikupita wiki bila ya kugombania mpaka wa mihogo. Sisi huku hatujambo. Mama yumo ndani na eda yake, na kila anayekuja kumtazama humlalamikia kwamba umemfunga mguu wakati karafuu zimebeba. Kweli zimebeba, Baba. Mwaka huu watu wanaanika mpaka juu ya mapaa ya mabanda.

Mpapai wa uani, ule ulioukatia tamaa, umezaa. Jogoo wako bado anawika kabla ya muadhini, na Kaka Hamad bado anamnunia kwa hilo. Nimeanza na haya madogo kwa sababu hukupenda mtu aingie na jambo kubwa mlangoni kabla ya kuuliza hali. Sasa nimeshauliza. Nina la kukueleza kuhusu zumari lako na kuhusu siku moja tuliyocheza mjini Chake Chake, na nimelibeba kifuani muda mrefu. Leo Ijumaa, skuli tumetoka mapema, Mama amelala, na mimi nimekaa barazani na kalamu yangu ya kusahihishia madaftari. Usishangae wino ukiwa mwekundu.

Unakumbuka ulivyoingia kwenye netiboli? Wewe ulikuwa mtu wa mchezo wa ng'ombe. Tangu nikiwa mdogo, mtu akisema Mzee Faki wa Mgogoni alikuwa anamzungumzia mpiga zumari, yule anayesimama mbele ya dume lililofungwa kamba ndefu na kulipulizia mpaka litikise kichwa, halafu vijana wanaingia na vitambaa kulichokoza. Netiboli kwako ilikuwa mchezo wa wasichana wa kutupiana mpira na kugombana na refa. Ila binti yako alikuwa mwalimu wa skuli, timu ya wasichana ilikuwa mikononi mwake, na timu hiyo ilikuwa na maradhi yake: asubuhi haichezi.

Jioni, baada ya alasiri, wale watoto walikuwa moto. Ungewaona wanavyoruka ungesema hawana mifupa. Wapeleke uwanjani asubuhi, mpira unawapita mikononi na wao wanautazama unavyokwenda, kama mgeni anayeaga. Na mashindano yetu mengi huanza asubuhi. Sababu nilikuwa naijua, chuo cha ualimu tulifundishwa: mwili wa asubuhi bado una baridi kwa ndani, misuli haijalainika, unataka kupashwa moto kwa muda mrefu zaidi kuliko wa jioni. Basi nikawakimbiza kuzunguka uwanja. Wakazunguka, lakini walizunguka kama watu waliotumwa kisima cha mbali na ndoo tupu.

Siku ile ya mechi ya kirafiki na Makangale ulikuwa njiani kwenda kwenye mambo yako. Ulipita skuli kuniletea simu niliyoisahau nyumbani, na zumari lako liko kwapani ndani ya mfuko wake wa khanga. Ulisimama pembeni ukawatazama wanangu wanavyoburura miguu, ukatikisa kichwa. "Riziki, hawa hawajaamka hawa. Umeleta viwiliwili." Mimi nilikuwa na hasira tayari, nikakujibu kwamba kama unajua dawa ya usingizi nitafurahi kuiona. Ukakaa juu ya tairi la kupandia maua, ukalitoa zumari, ukalilowesha kwa ulimi, ukavimbisha mashavu.

Baba, miguu yao ilibadilika papo hapo. Ulianza taratibu, wimbo wa arusi tu, wakacheka kwa haya na kuvutana mitandio. Kisha ukakaza. Ukakaza tena. Salma, yule mfungaji wangu mwembamba ambaye asubuhi hata salamu huitikia kwa kidevu, akaanza kuruka magoti juu kama mtu aliyekanyaga makaa. Ulipiga muda mrefu, mpaka mishipa ya shingo ikakutoka na wasichana wote wakawa wanahema na kutabasamu. Makangale walifungwa asubuhi ile wakabaki kuulizana. Wewe ulifuta mdomo kwa shuka ya bega, ukaniambia unachelewa, ukaondoka bila kusubiri mwisho wa mchezo.

Tangu hapo tukawa na mpiga zumari. Kila mechi ya asubuhi ulikuja. Ulijidai unakuja kwa ajili ya chai ya skuli, na mimi nilijidai nakuamini.

Kosa letu lilikuja kwa sababu tulipata ushindi haraka. Tulidhani dawa iliyoponya asubuhi itaponya na jioni, na kwamba ukizidisha kijiko utapona zaidi. Ile fainali ya jioni pale Wete, wasichana walishaamka tangu alfajiri, wameshatembea, wameshakula, wameshapiga kelele njia nzima, miili yao iko tayari. Wewe ukaona uwanja umejaa watu, ukaingiwa na mori, ukapiga kwa muda uleule wa asubuhi na zaidi. Na kama hayo hayatoshi, ukapiga wito wa ng'ombe.

Kwani ulimsahau Mpemba ni nani? Wito ule mtu wa kwetu hausikii akakaa. Wanaume walishuka ukutani wakivua makoti na kuyapunga, bibi mmoja akafunga khanga kiunoni akaingia mpaka katikati ya duara, watu wanamtafuta ng'ombe aliko. Refa, mgeni yule aliyetoka Unguja, alidhani ni ugomvi akaukumbatia mpira kama mtoto wa kuibiwa. Ulipotulia uwanja, wanangu walikuwa wameshacheza, wameshacheka, wameshamaliza nguvu zote. Kuanzia robo ya pili miguu ilikuwa imekwisha. Tulifungwa vibaya. Mama alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini, ukamnunia mpaka isha.

Nakuhadithia mambo unayoyajua kwa sababu napenda kuyahadithia. Na kwa sababu baada ya kununa ulifanya lile ambalo sikulitarajia: ulikuja mazoezini jioni baada ya jioni, ukawa unapiga kidogo, unaacha, unatazama. Siku nyingine hukupiga kabisa. Tulibishana sana, mimi na vitabu vyangu, wewe na mafahali wako. Mimi nilikuwa nataka jioni tuache muziki kabisa, wewe ukasema hapana, kidogo unafaa, wa kuwaweka pamoja tu. Ulisema hivi, na mpaka leo nawaambia walimu wenzangu: "Asubuhi mwili wabishiwa hodi. Jioni mlango u wazi, ukibisha sana utauvunja." Tukakubaliana. Asubuhi ndefu, inayoanza pole na kupanda. Jioni pumzi chache, halafu kimya, wacha wasikilize miguu yao wenyewe. Hatukufungwa kijinga tena.

Halafu ukafa. Sina njia nyingine ya kuliandika hili. Nilitaka kuandika maneno mazuri hapa na nimeyafuta mara kadhaa. Uliugua kifua, ukatutoka Alhamisi, tukakuzika kabla ya alasiri, na wasichana wa timu walikuja na mabuibui yao wakakaa na mimi mkekani. Salma alinishika kidole kimoja tu, kidole gumba, akakishika mpaka watu walipotawanyika.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Nilikuwa na zumari lako kwenye simu. Ile siku ya mazoezi uliyoniambia nisikusogezee simu puani, nilikurikodi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wimbo mzima wa asubuhi. Ulipokufa sikuufungua. Lakini mashindano yakaja, nusu fainali asubuhi na fainali jioni ya siku hiyo hiyo, yote Chake. Wasichana wakaniuliza kama wataingia uwanjani bila ya Babu. Nikawaambia hapana, tutaazima spika ya skuli, Babu atakuwepo.

Kaka Hamad akalisikia. Unamjua mwanao. Alikuja baada ya magharibi na kanzu yake imenyooka, akakaa pale pako, na hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Riziki, zumari la Baba lisipigwe tena, wala kwa simu. Kila likipigwa, yeye ndiye anayeandikiwa dhambi kule. Mwache apumzike." Alivyomaliza akainuka akaenda zake chuoni kusomesha Kurani. Mimi nilibaki na maji ya kunywa mkononi.

Unajua mimi si mtu wa kunyamazishwa. Angeniambia ni aibu, ningemjibu. Angeniambia watu watasema, ningemjibu mara mbili. Lakini aliniambia nakuumiza wewe, huko nisikofika. Nilikwenda kwa Mama chumbani nikamuuliza. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. "Mie hukumu kubwa namna hiyo siijui, mwanangu. Nijualo, akimaliza kupiga husukutua, akatawadha, akasali. Basi." Akanipa ungo niendeleze.

Nikaenda Chake nikiwa sijaamua. Spika nilipakia, simu niliichaji, na moyo wangu ulikuwa huku na huku. Ulikuwa mwezi wa vuli, anga limejaa, nyasi zimelowa. Wanangu walishuka kwenye gari letu la keri wamejikunyata, usingizi umewajaa mpaka kwenye nyusi. Wapinzani wetu walikuwa Kojani, na wale, Baba, unawajua, wameshavuka maji kwa kasia kabla jua halijachomoza, wamefika uwanjani miili inatoka mvuke. Nikaona kabisa tunakwenda kufungwa.

Nikawapanga. Nikaiweka spika juu ya kiti. Salma akaja kwangu. "Mwalimu, mpigie Babu." Simu iko mkononi, kidole kiko juu yake. Na sikuweza. Niliiona ile ardhi uliyolalia, bado mbichi, na nikasema moyoni: kama ni kweli? Kama kweli kila nikibonyeza hapa yeye anasumbuliwa kule, kwa ajili ya goli la netiboli? Kombe gani hilo? Nikaitia simu mfukoni. Nikawaambia wakimbie tu. Wakaanza kukimbia, kwa ule mwendo wa kisimani, na mimi nikageuka upande wa pili nisiwaone, maana machozi yalikuwa karibu na mwalimu halii mbele ya timu.

Kule nilikogeukia ndiko alikokuwa Kaka.

Alikuwa amesimama nje ya seng'enge na ndoo. Mama alimtuma atuletee mikate ya kumimina, ndivyo alivyoniambia baadaye. Kaka Hamad, ambaye miaka yote ile ulipokuwa unapiga hakuja kutazama mchezo hata mmoja. Aliniona uso, akaona spika kimya, akaona wanangu wanavyoburura. Akaitua ndoo chini. Akajikohoza. Halafu kwa sauti ile anayoadhinia, sauti iliyopasua uwanja mzima, akaita:

"Alifu fat-ha?"

Baba, nusura nikae chini. Wasichana wale wote ni wanafunzi wake wa chuoni. Wote wamesoma kwake herufi za Kiarabu kwa wimbo na kwa bakora, kama tulivyosoma sisi, kama mlivyosoma nyinyi. Huwezi kuitwa vile ukakaa kimya, mdomo unajibu kabla ya akili. "A," wakasema, wakikimbia. "Alifu kasra?" "I." "Alifu dhumma?" "U." Alianza pole, pole kabisa, kama anaye mtoto wa siku ya kwanza mkekani. Akaingia be. Akaingia te. Kila herufi anaikaza kidogo, na miguu yao inaifuata, a i u, ba bi bu, kisigino na vidole. Alipofika jimu walikuwa wanaruka. Alipofika sini walikuwa wanapiga makofi juu ya vichwa na watu wa ukutani nao wanaitikia, wazee na kofia zao, mama wa vitumbua, hata watoto wa Kojani kwenye upande wao, kwani nani hakusoma? Na hakukatisha. Alikwenda mpaka ye, herufi ya mwisho, bila kusimama kuvuta pumzi ya maana. Hapo nikajua pumzi zako zilikwenda wapi.

Nilimtazama alivyofumba macho na mashavu yalivyomjaa, na nilikuona wewe mzima mzima. Sikuumia. Nilidhani nitaumia na sikuumia, nilifurahi mpaka nikaona haya kufurahi vile.

Tuliwafunga Kojani. Kwa tabu, lakini tuliwafunga, asubuhi, bila ya zumari. Salma alikuwa hapotezi mpira. Kaka aligawa mikate kwa timu zote mbili na kujifanya hakuna alichofanya, anamuuliza kila mtu kama amekula.

Jioni ndiyo ungecheka. Fainali ilikuwa na Makangale walewale. Wasichana wako tayari, wamechangamka, wameshalala kidogo kivulini na kuswali adhuhuri, nilikuwa nataka wanyooshe viungo tu waingie. Namsikia Kaka amekwishaanza. Pindo la kanzu amelichomeka kiunoni, anaita alifu kwa mkono juu, uwanja mzima unamwitikia, na yeye ameingiwa na mori wa watu. Nikaenda nikamvuta mkono wa kanzu. Nikamwambia basi, Kaka, inatosha. "Mbona ndo kwanza niko herufi the?" Nikamwambia jioni haitaki nyingi, itawamaliza. Akaniuliza nani kanambia. Nikamwambia, Baba.

Akalichomoa pindo la kanzu, akalinyoosha, akaenda kukaa.

Na fainali hatukuimaliza. Robo ya mwisho tuko sawasawa na wao, goli kwa goli, mvua ikamwagika kama imefunguliwa kifuniko. Refa alingoja, tukangoja, uwanja ukawa kidimbwi. Wakaamua kombe tuligawane. Sasa liko Makangale, litakuja kwetu baada ya Ramadhani, na tumeshaanza kuwatuhumu kwamba wanalitumia kupimia mchele. Mzee mmoja karibu yangu, wa wale wanaoamini mchezo wa ng'ombe huleta mvua, alisema mvua ile kaileta mtu aliyechezesha ng'ombe bila ng'ombe. Nikasema moyoni, ungekuwepo ungeishika hiyo hadithi usiiache tena.

Kurudi, nilikaa na Kaka mbele, wasichana nyuma chini ya turubai wanaimba herufi mpaka tumewakoma. Tulipita njia nzima ya mikarafuu. Karibu na kwetu ndipo akazungumza, bila ya kunitazama. "Si dhambi tu, Riziki. Hilo la dhambi naliamini, wala silirudishi. Lakini mie siwezi kulisikia. Likilia naona yumo chumba cha pili." Nikamwambia na mimi hivyo hivyo, ila mimi nataka awe chumba cha pili. Hatukukubaliana, Baba. Nataka ujue hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana, na tunapendana kuliko zamani.

Nikaona si haki kumficha. Nikamwambia kwamba ile rekodi inaanza na maneno yako kabla ya zumari, na kwamba wewe unamtaja. Hakuniuliza unasemaje. Alitazama dirishani mpaka tulipofika, akateremka, akasahau ndoo.

Wiki hii, juzi, amekuja baada ya alasiri. Mama alikuwa ndani, mlango wa chumba uko wazi. Kaka akakaa barazani akavua kofia, akaiweka gotini. "Leo naweza. Ile ya maneno. Zumari likianza, zima." Nikamwekea.

Unakumbuka siku ile ulivyokuwa? Unasikika unaniuliza kama kidude kimeshaanza. Upepo unavuma. Wasichana wanacheka mbali. Halafu kuna mtu alikuwa anapita barabarani na kanzu, na wewe ukadhani ni yeye, ukafurahi, sauti yako inasikika ilivyofurahi, ukaita kwa nguvu: "Hamad! We Hamad!"

Kaka akaitika, "Naam."

Aliitika vile tulivyofundishwa, pale pale, na mwili wake ukainuka kidogo kutoka alipokaa. Halafu akajua alichofanya. Akafunika uso kwa kofia. Mimi nilizima kabla ya zumari kuanza, kama alivyonitaka, na Mama kule ndani akajikohoza tukajua hajalala. Kisha Kaka akasema irudie, nikairudia, na safari ya pili hakuitika, alitabasamu tu na machozi yakimtiririka ndevuni. Hakuna aliyesema kitu kuhusu siku zile ambazo hakuja. Wewe mwenyewe hukupata kumlaumu, na mimi sitaanza.

Basi hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Zumari lako liko juu ya kabati la Mama ndani ya mfuko wake. Nakuahidi sitalipeleka uwanjani wala sitalipiga kwa spika mpaka mimi na Kaka tuwe na moyo mmoja, na kama haitakuwa, basi haitakuwa, litakaa hapo na heshima yake. Sauti yako sitaifuta. Kila nikiisikiliza nitakuombea dua kwanza, ili kama kuna kinachokufikia, dua ifike mbele. Na wale watoto sitawaacha waingie uwanjani na usingizi wao maadamu nina pumzi.

Pumzika, Baba. Nisalimie Mzee Shaame, mwambie mihogo imekuwa mingi, ule mpaka wenu hatuutazami tena. Mama anakusalimu kwa maneno ambayo hayaandikiki kwa mwanawe.

Kesho Jumamosi tuna mazoezi ya asubuhi. Kaka amenitumia mtu kuniambia nisianze mpaka afike.

Mwanao,
Riziki